Magari Mawili Hadi kwa Doto

Mmeniuliza baada ya misa, mmeniuliza sokoni, na Mama Holo aliniuliza nikiwa na ndoo ya maji kichwani. Kila mmoja nimempa kipande, na sasa vipande vinazunguka mjini vikiwa vimebadilika sura. Juzi nimesikia kwamba gari la mume wangu lilitumbukia ziwani. Halikutumbukia. Naandika mara moja, msome wote, kisha mniache nipumzike, maana nimerudi nimechoka mpaka kwenye mifupa.

Kwa wale mtakaotumiwa maandishi haya na hamtufahamu: mimi ni Minza, nimefundisha shule ya msingi hapa Bariadi hadi nilipostaafu. Mume wangu ni Mayunga, mkulima wa pamba. Gari lake mnalijua hata kama yeye hamumjui, lile jeupe, refu, lenye keria juu. Alilinunua mtoto wetu Shija akiwa anaanza darasa la kwanza, na leo Shija ana watoto wanaosoma. Mita yake ilikuwa inakaribia kilomita laki tano, na Mayunga alikuwa ameapa kuiona ikifika.

"Wenzangu wananunua magari," husema. "Mimi gari nalimaliza."

Miaka yote hiyo sikuwahi kuliendesha. Aliniambia gari lina tabia zake, halizoei mkono mgeni. Basi nilipostaafu nilijifunza udereva katika umri ambao wengine wanachagua fimbo ya kutembelea, nikanunua kigari changu. Ni cha bluu, kifupi, milango miwili, kimekaa chini kama bata, na paa lake linafunguka. Hakina faida yoyote ninayoweza kuitaja mbele ya mkulima. Ila kila jioni nilikuwa naenda nacho barabara ya Dutwa na kurudi, sina shida ya kwenda huko, naenda tu kwa kuwa napenda kinavyokata kona. Mayunga alikiita kigari cha mchezo, na sikubishana naye.

Kisha simu ikaja kutoka Sengerema. Doto, pacha wa mama mkwe wangu, alikuwa amezidiwa na alikuwa anamwita mwenzake. Mama mkwe wangu ni Kulwa, sisi nyumbani tunamwita Mayu, yaani mama. Wamezaliwa siku moja, wameolewa mbali, na kwa miaka mingi wameonana kwenye misiba tu.

"Tutumie langu, tuwahi," nikamwambia Mayunga.

"Gari la mchezo haliendi kwa mgonjwa, Mama Shija."

"Linaenda popote penye barabara."

"Na gunia la mchele utaliweka wapi? Mapajani?"

Akashinda, kwa sababu mgonjwa haendewi mikono mitupu. Lakini nilimwona, kabla hatujaondoka, akifuta kioo cha mita kwa mkono wa shati. Sengerema kwenda na kurudi ingemsogeza pazuri.

Bariadi hadi Dutwa

Tuliondoka asubuhi. Mayu alikaa nyuma ya dereva, mahali pake pa siku zote, na kikapu cha michembe miguuni. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, na Doto alikuwa amesema Sengerema hawajui kuianika. Gunia la mchele lilikuwa kwenye buti pamoja na jogoo aliyefungwa miguu.

Mayunga huendesha kama mtu aliyebeba mayai ya jirani. Bodaboda zilitupita, na baiskeli moja kwenye mteremko ikatupita pia. Tulipofika Dutwa akasema injini ipumue kidogo. Hapo ndipo tulipokosea, kwa sababu Dutwa gari lile lina ndugu wengi kuliko sisi. Limebeba pamba yao, wagonjwa wao, na majeneza yao. Nilishuka kununua maji ya kunywa, na niliporudi, juu ya keria kulikuwa na baiskeli, magunia mawili ya mahindi, na kitanda.

"Nani ameweka kitanda?" nikauliza.

"Mimi, mwalimu," akajibu baba mmoja aliyevaa kofia ya sufu kwenye jua lile. "Naishia Lamadi tu."

"Baba, tunakwenda kwa mgonjwa."

Akachungulia ndani, akamwona Mayu. "Ndiye huyu? Ooh, pole sana, mayu."

"Mimi mzima," akasema Mayu.

"Mungu atakusaidia."

"Nimesema mimi mzima!"

Yule baba akanigeukia, akashusha sauti. "Wakizidiwa huwa hawakubali." Akaenda kuwaambia wenzake. Wakaja mmoja mmoja dirishani kumpa Mayu pole, na mama mmoja akamwombea kwa Kisukuma, sala ndefu, mkono juu ya kichwa chake. Mayu alivumilia mpaka amina, kisha akafunga kioo. Baba wa kitanda akapanda mbele, mimi nikahamia nyuma karibu na Mayu. Hakuna aliyeniuliza. Mayunga alikuwa anatabasamu. Alipenda gari lake lihitajiwe.

Dutwa hadi Lamadi

Mshale wa joto ulianza kupanda mara tu tulipoacha Dutwa. Mayunga alisimama akamwaga maji kwenye rejeta. Tukaenda, akasimama tena. Kila aliposimama alisema maneno yaleyale, kwamba ni jua, kwamba ni mzigo, kwamba gari hili halijawahi kumwacha njiani. Baba wa kitanda alikubaliana naye kwa yote. Alisema magari ya siku hizi ni makaratasi, na alisema ameona wanawake mjini wanaendesha vigari ambavyo hata mbuzi hawezi kulala ndani yake. Mayunga akakohoa. Mimi niliangalia mashamba ya mpunga tu, kwa sababu nilikuwa nimechoka tayari na siku ilikuwa bado changa.

Wakati wote ule Mayu alikuwa akijisogeza kwenye kiti, mara upande huu, mara ule. Nikadhani ni wasiwasi wa safari.

Lamadi tulishusha kitanda na mizigo yote ya juu, tukakaa kula. Waliotuletea sato walikuwa wamemkaanga vizuri, mkia umenyooka, na ugali wa moto. Mayu hakuwa amekula tangu alfajiri. Alikuwa amenawa, amemega tonge la kwanza, simu ya Mayunga ikalia. Alikuwa Nkwabi, mtoto wa Doto, anapiga kutoka Sengerema.

Mayunga akaweka sauti ya juu ili mama yake asikie. Mtandao ulikuwa unakatika.

"Kaka," Nkwabi akasema, "mama amekata—"

Simu ikazima.

Mayu aliliweka tonge kwenye sahani taratibu, akajifunika uso kwa kanga. Hakupiga kelele. Alikuwa anatikisika tu mabega. Mayunga akasimama, akakaa, akasimama tena. Mwenye mgahawa, mama wa watu, alisikia akaja kupiga magoti mbele ya Mayu akamshika miguu. Wateja wa meza ya pili wakaacha kula. Mimi nilijaribu kupiga na simu yangu, haikuingia. Nilikuwa nafikiria maji tuliyomwaga njiani, kila kituo, kila tuliposimama.

Simu ikalia tena.

"Kaka, ulikatika. Nilikuwa nasema mama amekataa uji. Anataka soda nyeusi na samaki. Nimpe?"

"Mpe!" Mayunga akapiga kelele mpaka barabarani wakageuka. "Mpe chochote anachotaka!"

Mayu akafunua uso. Akavuta sahani. "Doto hajawahi kupenda uji," akasema, akala sato mzima pamoja na kichwa, machozi yakiendelea kumtoka. Mwenye mgahawa alikuwa bado amepiga magoti, hajui acheke au alie, mwishowe akafanya vyote viwili.

Nyashimo

Tulifika Nyashimo kwa mvuke. Ulitoka kwenye boneti mweupe kama wa chungu cha pilau, kisha kukasikika mlio ambao hata mimi nisiyejua magari nilijua ni wa mwisho. Watu wa pale walitusukuma hadi kwa fundi.

Fundi alifungua, akatazama, akanusa mafuta kwenye kijiti. "Mzee, imeunguza gasketi, na silinda hedi imepinda. Inatakiwa ishushwe. Spea nyingine mpaka Mwanza."

"Lakini halijawahi kuniacha," Mayunga akasema.

"Leo limekuacha, mzee wangu."

Alisema kwa upole, lakini nilimwona mume wangu akiupokea ule upole kama kofi. Akaomba aingie ndani kidogo. Akakaa kwenye usukani wa gari lililozimika, akaangalia mita. Zilikuwa zimebaki kilomita chache mno. Mtu akifikiria, ni kama kufa njaa nyuma ya ghala.

Mvua ikaanza. Mama mmoja muuza dagaa, mwenyeji wa Kiloleli mwenye kibanda karibu na gereji, alimwona Mayu amesimama akatuvuta ndani. Jina lake Mama Sayi. Alitupa viti, akatupa chai, na jioni akasema hatulali nyumba ya wageni na bibi kama huyu. Tulilala kwake, tumepangana sakafuni pamoja na wanawe, nyumba nzima ikinuka dagaa. Alitukaribisha kwa moyo mweupe, na sina maneno ya kumshukuru. Lakini usingizi sikuupata.

Kabla ya kulala tuligombana, mimi na Mayunga, kwa sauti ya chini, nje chini ya bati lake.

"Kesho asubuhi napanda basi narudi Bariadi, nachukua langu," nikasema.

"Subiri. Spea zitakuja."

"Doto atasubiri spea?"

"Kwa nini tusimpandishe Mayu basi tukaendelea?"

"Hawezi kusimama kwenye basi, na ukipata kiti kimoja tu, nani anamshika?"

Akasema kilichokuwa moyoni mwake. "Unataka kunionyesha, Minza."

Huniita jina langu akiwa ameumia. Nami nilikuwa nimechoka vya kutosha kusema ukweli. "Baba Shija, sitaki kukuonyesha. Kile kigari nilikinunua ili nifurahi. Basi. Maisha yangu yote nimepanda vitu vinavyofaa. Lakini kesho ndicho kitu pekee tulicho nacho chenye magurudumu yanayozunguka."

Sauti ya Mayu ikatoka ndani, hakuwa amelala. "Mayunga."

"Naam, mayu."

"Mwache mke wako aende. Kile kiti chako kina chuma kinachonichoma nyonga. Hata gari likipona kesho, silipandi."

"Kinakuchoma tangu lini?"

"Tangu harusi ya Shija."

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza. Ulikuwa unaniuliza kama nimeona lilivyopanda mlima."

Mayunga alisimama pale chini ya bati, mvua ikipiga, na mimi niliyetaka kushinda ule ugomvi sikusikia raha yoyote.

Asubuhi nikapanda basi. Kurudi nyuma njia ileile uliyoihangaikia jana ni kazi inayochosha roho kuliko mwili. Dutwa yule mama aliyesali aliniona dirishani, akashika kifua, akaniuliza kwa ishara kama Mayu amefariki. Nikatikisa kichwa. Nadhani alielewa kinyume. Basi lilikuwa limeondoka.

Nyashimo hadi Busisi

Nilirudi na kigari cha bluu jua likiwa kichwani. Wote wa gereji wakatoka kukitazama. Mama Sayi alikizunguka mara mbili akauliza nusu yake nyingine iko wapi.

Gunia la mchele halikuingia. Nilijaribu kwenye buti, likakataa. Kwenye kiti cha nyuma, likaingia ila mtu hakuingia. Tukamwachia Mama Sayi, akakataa, tukamwachia hivyohivyo. Jogoo naye akabaki. Michembe Mayu hakuiachia, aliipakata.

"Nendeni nyinyi," Mayunga akasema. "Mimi nikae na gari."

Mayu alikuwa tayari ameketi mbele. Kwa kuwa kigari kiko chini, alikuwa amejishusha polepole, mimi nimemshika mkono, na alipofika kwenye kiti akasema "aah", ile ya mtu anayeingia maji ya uvuguvugu. Sasa akamtazama mwanawe kupitia mlango.

"Doto alikunyonyesha nilipougua. Hilo gari nalo lilikunyonyesha?"

Mayunga akapanda. Ili apite nyuma ilibidi Mayu ashushwe tena, kiti kikunjwe, baba wa watu ajikunje, kiti kirudi, Mayu apandishwe. Magoti yake yalikuwa karibu na masikio. Gereji nzima ilitazama kwa heshima kubwa na hakuna aliyecheka mpaka tulipoondoka.

Niwaambieni jinsi ilivyokuwa. Barabara ya kuelekea Magu ilikuwa imeoshwa na mvua, ziwa likaonekana na kupotea upande wa kulia, na injini ilikuwa inaimba. Nilikuwa na usingizi machoni, mgongo unauma, na bado mikono yangu ilifurahi. Mayu aliinua macho, akauliza, "Hiki kitu hapa juu ni dirisha?"

"Ni paa, mayu. Linafunguka."

"Linafunguka kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya upepo tu."

Akafikiri. "Fungua."

Nikafungua. Upepo ukaingia, kanga yake ikapepea, na bibi yule akainua uso akafumba macho. Nilimtazama Mayunga kwenye kioo. Alikuwa anamtazama mama yake.

Mwanza tulikwama kwenye foleni, tukapotea njia, tukauliza mtu akatuelekeza kwa uhakika mahali ambapo si penyewe. Mayunga alisema kushoto, mimi nikasikia nenda moja kwa moja, na tukajikuta ndani ya soko la mbao. Tulikula mihogo ya kuchoma humohumo ndani ya gari. Lakini Busisi tulivuka kwa daraja. Mayu aliyajua maji yale kwa kivuko, kwa kupanga foleni na kungoja nusu siku. Aliuliza kivuko kiko wapi wakati tulikuwa tumeshafika ng'ambo.

Sengerema na mbele yake

Nkwabi na mama yake wanakaa kijijini, mbele ya Sengerema, na njia ya kwao ni udongo. Hapo nakiri Mayunga alikuwa na haki. Kigari changu kiliingia kwenye tope la kwanza kikalala tumbo. Lile jeupe, likiwa zima, lingepita pale likipiga mluzi.

Wanaume waliokuwa wanatoka shambani wakaja. Mmoja akauliza hili ni gari la harusi ya nani. Wakashauriana kusukuma, wakaona tope litawaharibu, kisha wakaamua kulibeba. Ndiyo, kulibeba. Walilishika pande zote wakalinyanyua, Mayu akiwa ndani kwa sababu alikataa kushuka, wakaenda nalo hadi pakavu wakiimba wimbo wa kulima. Mayunga alikuwa upande wa nyuma, matope hadi magotini, anabeba pamoja nao kile alichokiita cha mchezo.

Doto alikuwa kwenye godoro karibu na mlango, amebaki mifupa na macho. Kulwa akaingia, akasimama.

"Mwadila, Doto," akamsalimia.

Doto akamtazama muda mrefu. "Umechelewa."

"Mimi ndiye niliyetangulia kuzaliwa. Usinifundishe kuchelewa."

Mayu akavua viatu, akapanda kwenye godoro lile, akalala upande wa ukutani kana kwamba ni mahali pake na alikuwa ametoka kidogo tu. Sisi wengine tukatoka nje. Walikaa vile siku zote tulizokuwa pale, wakila michembe iliyolowekwa, wakisema mambo ya watu ambao hata Mayunga hakuwajua, wakicheka, wakigombana juu ya ng'ombe mmoja wa baba yao aliyekufa kabla hatujazaliwa.

Siku moja jua lilikausha njia. Nilikuwa nalisafisha gari. Doto akasikia injini.

"Kulwa anasema lina dirisha juu," akasema. "Nipelekeni."

Nkwabi akakataa kabisa. "Mama, hata kukaa huwezi!"

"Nitakaa."

"Dada Minza, mwambie hapana."

Mimi si ndugu wa damu, na lile lilikuwa gari langu. Kama angefia ndani yake, lawama ingekuwa yangu mimi. Wakati tunatazamana, Mayunga aliinama, akamwinua mama yake mdogo na shuka lake lote, akatoka naye.

"Atakaa mbele," akaniambia. "Mimi nitakaa nyuma nimshike mabega. Mayu, ingia."

Tulipita kwenye ile njia ya shule ambako udongo ni mgumu na mpana. Nikaenda taratibu. Nilikuwa naogopa kila kokoto. Doto alikuwa mwepesi hata mkanda haukujua una mtu. Nikafungua paa. Upepo ukamgusa, akafungua kinywa kama mtoto anayengoja mvua.

"Kimbiza," akasema.

Nikaongeza kidogo.

"Kimbiza, ng'wanone, mwanangu!"

Niliogopa. Na hapo, nyuma yangu, nikasikia sauti ya mume wangu, mtu wa mayai ya jirani: "Ongeza gia, Mama Shija. Ongeza."

Nikaongeza. Kilemba cha Doto kikatoka kikapita juu ya paa kikabaki nyuma kwenye vumbi, na yule mgonjwa akacheka, sauti nyembamba ya ajabu, na Kulwa naye akaanza kucheka nyuma, sauti ileile. Kwa kuwa sikuweza kugeuka, sikujua yupi ni yupi.

Kurudi

Tulirudi kwa sababu pamba haingoji. Kulwa na Doto waliagana bila maneno mengi. Mayu alitaka kubaki, Doto akamkatalia, akasema ampishe godoro alale vizuri.

Nyashimo tulikuta gari jeupe limefunguliwa, injini iko chini juu ya turubai. Fundi akasema spea zimefika, likipona litatembea miaka. Mayunga aliuliza maswali mengi, yote mazuri. Kisha akaenda kuzungumza na Mama Sayi kibandani kwake, wakakaa muda. Mimi nililala kwenye kiti cha gari mdomo wazi. Sikuuliza, nilidhani ni habari ya mchele.

Tulifika Bariadi tumechakaa. Siku chache baadaye Mayunga akaniambia anakwenda Nyashimo kuchukua gari lake. Akaenda kwa basi. Akarudi kwa basi.

"Liko wapi?" nikamuuliza.

"Liko kwa Mama Sayi, nimemwachia moja kwa moja. Kaka yake atabebea dagaa kutoka mwaloni, kule ziwani wanakoshushwa." Akanawa mikono, akakaa kula. "Litafika laki tano likiwa kwao. Nimewaambia wanipigie picha ya mita."

"Umelia?"

"Kwenye basi kidogo."

Sikumwambia "si nilikwambia?", kwa maana sikuwa nimemwambia. Nilikuwa nataka tu changu kiachwe kiwe changu. Lile jeupe sikuwahi kulichukia. Limemleta Shija kutoka hospitali akiwa na mkono uliovunjika. Nilikuwa nimelichoka, na kuchoka si kuchukia.

Kisha Nkwabi akapiga. Safari hii mtandao ulikuwa mzuri na tulisikia kila neno. Doto alikuwa amelala baada ya kula, hakuamka.

Mayu alijifunika uso, kama Lamadi, na safari hii hapakuwa na simu ya pili. Alfajiri tuliondoka kwenda kuzika. Niliendesha mimi, lakini siku zile zote zilikuwa zimejikusanya kwenye kope zangu, na tulipopita Magu nikaona mstari wa barabara umekuwa miwili. Nikasimama pembeni.

"Baba Shija, endesha wewe. Siwezi."

Hakuwa amewahi kuniomba, na mimi sikuwa nimewahi kumpa. Nikajikunja nyuma, akakaa kwenye usukani, akatafuta kiti kinarudishwa vipi, nikamwonyesha. Nilikusudia kufumba macho kidogo tu.

Nilipoamka tulikuwa tumeshavuka ziwa. Mayu alikuwa amelala mbele, kichwa kimeegemea kioo. Mayunga alikuwa anakwenda kwa mwendo ambao sijawahi kumwona nao katika ndoa yetu, anazikata kona zile vizuri, vizuri kuliko mimi, na machozi yalikuwa yanamshuka hadi kwenye kola. Hakuyafuta, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani.